Difu Kubwa ya Mzee Luqmani

Jumatano nzima Sajenti Rukaya Mselemu aliimalizia Mkiwa, akipekua rundo la vyuma chakavu la bwana mmoja anayeitwa Michael, kwa sababu tu mlalamikaji aliapa kwamba difu yake iliyoibwa imeuzwa huko. Alikuta vichwa vya cherehani, majembe ya ng'ombe, sufuria zilizotoboka na mlango wa friji. Difu hakuna. Michael alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampa soda na kumwambia, "Afande, mimi ningeletewa chuma cha gari la mashindano ningekiweka sebuleni wageni wakione. Nikiuze kwa kilo, nina wazimu?"

Basi Alhamisi saa tatu asubuhi Rukaya akaanza upya, pale ambapo angeanzia toka mwanzo kama kelele za mlalamikaji zisingemtoa kwenye reli. Alikwenda nyumbani kwa mlalamikaji mwenyewe, Mzee Luqmani Abdulazizi, muuzaji wa mafuta ya alizeti hapo Singida mjini. Koplo Alute, dereva wa pikapu ya polisi, alibaki getini akimalizia chapati yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamfunga?"

"Nani?"

"Nani tena! Melkizedeki, fundi wa Misigiri!"

"Bado. Faili linapanda kwa mkuu wangu kesho asubuhi. Likipanda hivi lilivyo, fundi anakwenda mahakamani kwa wizi. Kwa hiyo leo nataka nielewe kilichoibwa ni kitu gani hasa."

Mzee Luqmani alimtazama kwa huruma, akamshika mkono na kumpeleka uani. Gari lilikuwa chini ya turubai. Alilifunua taratibu, na hata Rukaya, ambaye magari kwake ni chombo cha kufikia uendako tu, alijikuta akisema lo! Lilikuwa jekundu, la milango miwili, fupi, limelala karibu na ardhi, la mwaka sabini na mbili. Jumamosi magari ya zamani kutoka mikoa mitatu yalikuwa yakutane Mkiwa na kwenda kwa msafara hadi Misigiri, na mzee alitaka barabara nzima imwone akipita.

"Katikati ya matairi ya nyuma," mzee alianza kufundisha, "kuna bonge la chuma. Hiyo ndiyo difu. Injini inazungusha mti mrefu uliopita chini ya gari, tunaita propela. Propela inaingia kwenye difu, na difu inazungusha matairi. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa, difu si zote sawa. Kuna ambayo propela lazima izunguke mara nyingi ndipo tairi lizunguke mara moja. Hiyo ina nguvu, haina mbio. Kuna ambayo propela inazunguka mara chache tu, tairi limeshamaliza duru. Hiyo ndiyo yenye mbio, na mimi nilitaka mbio."

"Ukafanyaje?"

"Yangu ya zamani ilikatika meno. Nikapata mbili kwa muuzaji mmoja Dar, akagoma kuzitenganisha. Kubwa moja, ndogo moja. Nikampelekea Melkizedeki zote mbili kwenye magunia, na gari likivutwa. Nikampigia simu: fundi, funga kubwa, ndogo nirudishie. Ndogo kairudisha kwa basi, iko stoo dukani kwangu, anapouza binti yangu Hanifa. Jumatatu nikachukua gari, na gari halikimbii! Ndani kuna ndogo nyingine, sijui kaichomoa kwenye pikapu ya nani. Kubwa yangu kaiuza. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Una karatasi ya muuzaji?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu, imekunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka zake: *difu mbili, 41/9, 39/11*. Mzee alikiri hajawahi kuzitazama hizo namba mara mbili. Rukaya aliitia karatasi kwenye faili.

"Sawa," alisema. "Gari ni kielelezo. Twende nalo Misigiri."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Wewe endesha, mimi nisikilize."

Hakuchelewa kusikia. Walipotoka nje ya mji, barabara ikanyooka mbele yao kati ya mashamba ya alizeti, na mzee akakanyaga mafuta. Kilometa sitini kwa saa, injini ilinguruma vizuri. Sabini, ikaanza kulalamika. Themanini, ikapiga yowe mpaka Rukaya akaziba masikio, na mshale haukutaka tena kupanda. Nyuma yao Alute alikuwa akiwasha taa za pikapu kwa utani. Kisha lori la vitunguu likawapita, taniboi amekaa juu ya magunia akiwapungia mkono.

"Umeona?" mzee alipaza sauti. "Vitunguu! Nimepitwa na vitunguu!"

Rukaya aligeukia dirishani ili mzee asimwone anavyocheka. Lakini kila walipofika kwenye mwinuko aliandika jambo moja kwenye daftari: hapo gari halikulalamika hata kidogo, lilipanda bila kubadilisha gia.

Gereji ya Melkizedeki ilikuwa karibu na njia panda ya kwenda Kiomboi, paa la bati juu ya nguzo nane. Wiki iliyopita magari yalikuwa yamejipanga hapo mpaka barabarani. Leo lilikuwepo trekta moja tu, tena la shemeji yake. Jumanne Mzee Luqmani alikuwa amesimama pale njia panda na kupiga kelele kwamba humu ndani kuna mwizi, na kufikia Jumatano jioni wateja walikuwa wamekuja mmoja mmoja kuchukua magari yao, mengine yakiwa yamefunguliwa nusu. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: MWIZI WA DIFU.

Melkizedeki mwenyewe alikuwa mtu wa miaka sitini, mrefu, mkimya, ovaroli lake limefuliwa na kupigwa pasi. Alipoona gari jekundu aliinuka, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Mzee Luqmani," Rukaya alisema, "wewe nenda kakae kwenye pikapu. Funga na kioo."

"Kwa nini? Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Ndiyo maana. Alute, mpeleke mzee."

Mzee akapelekwa, mdomo bado unakwenda. Rukaya alivuta stuli, akafungua faili.

"Fundi, aliagiza nini?"

"Kubwa."

"Ukafunga nini?"

"Kubwa."

"Na ndogo?"

"Nilimrudishia kwa basi. Binti yake alipokea, akanipigia simu kwamba imefika."

"Kwa hiyo kwenye gari hili, sasa hivi, kuna kubwa."

"Ipo, afande."

"Mbona linapiga yowe kwenye themanini?"

"Ndivyo inavyokuwa."

"Hukuona ajabu, gari la mbio kufungwa hivyo?"

"Niliona ajabu sana." Melkizedeki alitazama chini. "Ila Mzee Luqmani humuulizi mara mbili. Ukiuliza anakata simu."

Hilo Rukaya aliliamini bila ushahidi. Lakini mmoja anasema kubwa haimo, mwingine anasema kubwa imo, na gari ni moja. Mmoja wao alikuwa anadanganya. Akainuka na kukunja mikono ya shati.

"Tutahesabu. Na nitahesabu mwenyewe, asije mtu akasema fundi alinisomea."

Alute aliporudi alipiga jeki upande wa kulia mpaka tairi la nyuma likaning'inia. Rukaya alichora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, gia ikawekwa huru, Alute akalala chini ya gari na kuanza kuzungusha propela kwa mkono huku akihesabu kwa sauti ya paredi. Rukaya alichuchumaa, macho kwenye mstari wa tairi.

"Moja! Mbili! Na... robo, afande!"

"Simama! Tairi limemaliza duru."

Rukaya aliandika: *miwili na robo, na kidogo*. Akakumbuka somo la uani. Mizunguko michache maana yake mbio. Hata mzee hangeota difu ya mbio kiasi hicho! Basi kubwa imo, mlalamikaji ana lake jambo, na huenda injini ndiyo mbovu. Alimgeukia fundi kwa tabasamu pana.

"Melkizedeki, umepona. Kubwa imo. Faili nalifunga leo leo."

Melkizedeki hakutabasamu. Alisimama akitazama lile tairi lililoning'inia, akakuna kidevu, akatazama na lile lililobaki chini. Inaelekea alikuwa akipigana na nafsi yake, na nafsi ikashindwa.

"Afande, futa."

"Nifute nini?"

"Hiyo hesabu. Umeinua tairi moja. Lililokanyaga chini halizunguki, kwa hiyo hili la juu linachukua na sehemu ya mwenzake, linakwenda mara mbili. Inua yote mawili ndipo utapata kweli."

Alute alitoa kichwa chini ya gari. "Fundi, unajua unachokifanya lakini?"

"Hesabu ni hesabu," Melkizedeki alisema, akaleta mwenyewe jeki ya pili.

Wakahesabu tena, matairi mawili yakizunguka pamoja hewani. Propela ilikwenda moja, mbili, tatu, nne, na nusu, na kidogo. Mizunguko mingi. Nguvu tele, mbio hakuna. Ilikuwa sawasawa na alivyolalamika mzee, na Alute akatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kuona mwenzake akijifungia mlango kwa nje.

Rukaya hakuandika. Alikaa juu ya stuli, daftari likiwa limefungwa.

"Alute, nikuulize. Umeona wezi wangapi tangu uvae hizo nguo?"

"Wengi, afande."

"Umeona hata mmoja anayekosoa hesabu inayomwokoa?"

Alute alifikiri. "Hata wa kuku sijamwona."

"Basi huyu hajaiba. Na mzee yule hajui kudanganya, hasira yake ni ya kweli. Kama wote wawili wanasema kweli, mimi ndiye sijauliza kitu fulani."

Alifungua faili, akatoa karatasi ya muuzaji. *41/9, 39/11.* "Fundi, hizi ni nini?"

"Meno, afande. Ndani ya difu kuna gurudumu kubwa la meno na dogo linaloliendesha. Ukigawa la kwanza kwa la pili unapata ile mizunguko tuliyohesabu."

Rukaya alibonyeza simu. Arobaini na moja gawa kwa tisa: nne nukta tano na ushee. Difu iliyomo ndani ya gari haikutoka kwenye pikapu ya mtu yeyote. Ilikuwa mojawapo ya zile zile mbili za Dar. Ilibaki moja, na kila mtu alikuwa anajua iko wapi, ila hakuna aliyewahi kuitazama. Akampigia Hanifa dukani.

"Hanifa, lile gunia lililotoka Misigiri, mmelifungua?"

"Hapana, dada. Nilimwambia baba ile ndogo imefika, akasema tupa stoo, sina haja nayo."

"Lifungue. Unihesabie meno."

"Meno ya nini jamani?"

"Ya chuma. Anza na gurudumu kubwa."

Yalisikika makopo yakiburutwa, kisha guno. Hanifa alihesabu mpaka ishirini na sita, akaingia mteja wa lita tano za mafuta, hesabu ikapotea. Akaanza tena. Kwenye thelathini na moja mteja akauliza chenji yake, na Rukaya, ambaye subira haikuwa kipaji chake, alifoka kwenye simu kwamba mteja yule akamatwe. Mara ya tatu Hanifa aliweka kipande cha chaki kwenye jino la kwanza na kufunga mlango wa duka.

"Thelathini na tisa, dada. Na kile kidogo kina kumi na moja. Mikono yangu yote grisi, nani atanilipia hili gauni?"

Thelathini na tisa gawa kwa kumi na moja: tatu na nusu na kidogo. Difu ya mbio, aliyoililia Mzee Luqmani siku tatu mfululizo, ilikuwa imelala stoo kwake mwenyewe, nyuma ya makopo ya mafuta yake.

"Hakuna kilichoibwa," Rukaya alisema polepole. "Ziko zote mbili. Fundi, iliyo kwenye gunia unaiitaje?"

"Ndogo."

"Na hii, yenye nguvu, isiyo na mbio?"

"Kubwa."

"Kwa nini kubwa?"

Melkizedeki alimshangaa. "Kwa sababu ni kubwa, afande! Mimi nimekaa miaka ishirini nikitengeneza malori yanayopanda Sekenke. Lori likielemewa mlimani, utingo anapiga kelele: weka gia kubwa! Dereva anaweka namba moja."

"Namba moja ni gia kubwa?" Alute aliruka. "Acha mambo yako, fundi! Kubwa ni namba tano, kila mtu anajua!"

"Namba tano ina nguvu gani? Hata mbuzi haikokoti."

"Nani kasema nguvu? Tano ni kubwa kuliko moja! Hata mtoto wa chekechea..."

"Wewe umejifunzia wapi gari?"

"Chuoni! Wewe je?"

"Mlimani!"

Rukaya aliwaacha wazozane, akavuka mpaka kwenye pikapu, akagonga kioo. Kikateremka kidogo, na uso mwekundu wa jasho wa Mzee Luqmani ukatokea.

"Mzee, gia kubwa kwenye gari lako ni ipi?"

"Swali gani hilo? Namba nne, ya mwisho!"

"Shuka, mzee. Njoo usikie mwenzako anasema ni ipi."

Alisikia. Aliambiwa mara mbili, kisha Alute akamwambia kwa mara ya tatu akichora kwenye vumbi kwa kijiti. Mzee Luqmani alimtazama fundi, akatazama gari, akatazama upande wa Singida liliko stoo lake. Kofia ilianza kumwasha kichwani.

"Yaani nilimwambia funga kubwa..."

"Akafunga kubwa," Rukaya alisema.

"Na Hanifa akaniambia ndogo imerudi..."

"Ikawa imerudi ndogo. Ya kwake."

"Lo! Basi, yamekwisha." Mzee alipiga makofi mawili ya haraka haraka kama mtu anayekung'uta unga. "Fundi, nitakuletea ile nyingine leo leo, uifunge. Jumamosi si mbali. Afande, asante sana kwa kazi nzuri."

"Hayajaisha, mzee."

"Bado nini?"

"Jumanne ulisimama wapi?"

Mzee Luqmani aliitazama njia panda. Kulikuwa na kina mama wa vitunguu, vijana wa bodaboda, abiria waliokuwa wakingoja gari la Kiomboi, na wote, bila aibu yoyote, walikuwa wameshageuza vichwa upande wa gereji kwa nusu saa nzima.

"Nitampa mkono hapa hapa," mzee alijaribu. "Mtu na mtu mwenzake."

"Hukumtukana mtu na mtu mwenzake. Na mimi kesho naandika kwenye faili jinsi lilivyoisha. Sitaki kuandika uongo."

Kwa kweli mzee alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mwoga. Alivuka barabara mpaka pale pale, akapanda juu ya jiwe la mpaka, akasafisha koo. "Jamani! Mnanijua! Jumanne nilimwita fundi Melkizedeki mwizi. Nimekosea! Difu yangu ilikuwa kwangu! Mwenye makosa ni mimi, na huyu ni mtu safi. Mnisikie vizuri, ni mtu safi!"

Vicheko vilipasuka, mama mmoja akapiga kigelegele, na bodaboda watatu wakapiga honi kwa pamoja. Mzee alirudi gereji akijifuta uso, amechoka lakini mwepesi, akanyoosha mkono.

Melkizedeki hakuupokea. "Rudia, mzee."

"Nirudie? Si umesikia?"

"Mimi nimesikia. Martha yuko jikoni, na jiko liko nyuma, hajasikia." Akaelekeza kidole huko nyuma. "Mke wangu tangu Jumanne anakwenda kisimani alfajiri peke yake, ili asikutane na wenzake. Mimi nimekusamehe. Lakini rudia."

Utani wote ulimtoka Mzee Luqmani. Alivua kofia, akazunguka nyuma ya gereji. Rukaya alifuata, si kwa ajili ya faili, kwa ajili ya kuona tu. Martha alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mlenda, na hakuinua uso.

"Mama Lea," mzee alisema. "Mumeo si mwizi. Nilimsingizia. Nimeshasema kule barabarani, watu wote wamesikia, na sasa nakwambia wewe. Nisamehe."

Martha aliendelea kuchambua majani mawili, matatu. Kisha akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa upande wa khanga, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha kwendea kanisani, na mkononi ana ndoo.

"Unakwenda wapi tena?" Melkizedeki aliuliza. "Mapipa yote yamejaa."

"Najua," Martha alisema, akaiweka ndoo kichwani, akapita katikati ya gereji na kushika njia ya kisimani, saa sita na nusu mchana, jua kali, kisimani kumejaa watu.